Picha Kubwa ya Masengo

Nimemlilia mama yangu mara mbili. Mara ya pili ni msimu huu wa mvua, na watu walijaa uani kwake mtaani Kamalondo mpaka viti vya kukodi vikakosa mahali pa kuwekwa. Mara ya kwanza hakuja mtu. Nililia peke yangu, mtoto ambaye bado hajajua kusoma, na mama mwenyewe alikuwa mzima kabisa, yuko Kasomeno akipanga samaki wakavu kwenye vikapu.

Kilichonirudisha kwenye kilio kile cha kwanza ni harufu ya siki. Siku chache baada ya maziko, jirani mmoja alikuwa akiimimina juu ya vitunguu vya wageni. Harufu ilinikuta chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, nimechoka kushikwa mikono. Papo hapo sikuwa tena mwanamke wa makamo anayewapikia wanafunzi kule chuoni Kasapa. Nilikuwa mtoto chini ya taa nyekundu, kidevu juu ya meza, nikimwangalia baba akiosha uso wa mtu ndani ya beseni.

Baba alikuwa mpiga picha. Mtaa mzima ulimwita Papa Studio, ingawa studio yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye kiti kimoja cha wateja na pazia lililochorwa ndege ya abiria, ngazi zake zimeshushwa. Watu walisimama mbele ya ngazi zile wakiwa wamevaa vizuri, kisha wakarudi nyumbani kwa miguu. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kidogo cha giza na mabeseni yake. Maji ya kwanza yaliamsha picha, ya pili yaliisimamisha isizidi kuwa nyeusi, ya tatu yaliifunga ili mwanga usiile. Yale ya pili ndiyo yaliyonuka siki. Wenzangu mliopigwa picha kabla ya simu hizi mnaikumbuka harufu hiyo, hata kama hamkujua inatoka wapi. Ilibaki kwenye picha siku nzima, ukiinusa karibu.

Ukuta wa kushoto wa studio haukuonekana rangi yake. Ulifunikwa na majalada ya magazeti ya sinema, kutoka chini hadi mahali ambapo mkono wa baba uliishia. Magazeti yenyewe hatukuwahi kuyaona. Yalifika sokoni kwa kilo, yamezeeka, na Mama Karanga aliyachana kurasa za ndani kufungia karanga zake. Jalada la mbele lilimshinda. Lilikuwa gumu na linateleza, ukilikunja liwe pembe linafunguka na karanga zinamwagika. Basi alimwekea baba. Kwa hiyo kwetu gazeti la sinema halikuwa na habari wala kurasa. Lilikuwa uso tu. Na baba aliliita hivyo: uso wa gazeti.

Aliutumia ukuta ule kufundishia wateja. Mtu alikaa kwenye kiti akiwa mkavu kama ubao, macho yameganda juu ya mlango, na baba alimgeuza kwa kidevu akamwonyesha.

"Angalia huyu mama. Anaangalia wapi?"

"Ananiangalia mi."

"Enda kule kwa mulango. Sasa anaangalia wapi?"

Mteja alikwenda mlangoni, akageuka, akacheka kwa woga. "Eh! Bado ananiangalia!"

"Voilà. Sababu alichungulia mule mule mu kioo ya mashine ya picha. We usiangalie mulango. Angalia mule. Muntu mwenye atashika hii picha yako, atataka umuangalie."

Nilikaa chini karibu na ukuta nikisikiliza. Nilisikia mafundisho hayo mara nyingi kiasi kwamba hadi leo, nikipita mahali wanapouza magazeti, macho yangu yanakwenda yenyewe. Uso mmoja mkubwa, wengine wadogo chini yake. Jina la gazeti juu, kwa herufi nene, mara nyingi nyekundu, kwa sababu nyekundu inaita kutoka mbali. Maneno madogo yanasongamana upande wa kushoto. Baba alisema ni kwa sababu wauzaji wanayapanga magazeti yakilaliana, na ukingo wa kushoto ndio unaobaki wazi. Mama, aliyekuwa muuzaji wa kweli, hakushangaa hata kidogo. Alisema samaki nao wanapangwa hivyohivyo, kila mmoja amelalia mwenzake, vichwa nje. Mnunuzi anaangalia kichwa. Mkia ataukuta nyumbani.

Nakumbuka walicheka pamoja siku hiyo, mama amesimama mlangoni na kitenge cha safari begani. Picha ya wawili hao wakicheka sina. Ninayo kichwani tu.

Mama alikuwa anakwenda Kasomeno na kurudi, kwenye njia ya kwenda Kasenga, kuchukua samaki. Alipokuwa njiani, nyumba ilikuwa na watu wawili ambao hawakujua kuzungumza. Baba hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kimya, na kazi yake ilimfungia gizani. Mlango wa chumba kile ukifungwa, haufunguliwi mpaka aseme, kwa sababu mwanga unaharibu. Basi nilikaa nje ya mlango na zile nyuso za ukutani. Niliwasalimu asubuhi. Nilijua yupi ana kidani, yupi ameumwa na mende kwenye sikio. Hawakunijibu, lakini walinitazama popote nilipokwenda, na mtoto aliye peke yake hadharau kutazamwa.

Sasa niseme nilivyowaelewa.

Katika studio ya baba, picha zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na ndogo, za vitambulisho na za ukumbusho, zinazoingia kwenye bahasha. Hizo zilikuwa za watu waliokuja wenyewe kwa miguu yao. Na kulikuwa na kubwa. Picha kubwa mwenyewe hakuja kuichukua. Walikuja ndugu zake, macho mekundu, na kile kitambulisho kidogo kwenye kitambaa. Baba alikipokea kwa mikono miwili, akaingia gizani, na uso wenye ukubwa wa kidole gumba ukatoka na ukubwa wa sinia. Uliwekwa kwenye fremu, utepe mweusi ukafungwa pembeni, jina likaandikwa na tarakimu chini yake. Kesho yake uso huo ulikuwa kwenye meza mbele ya nyumba yenye kilio, unaangalia kila anayeingia.

Niliiona kazi hiyo kwenye picha ya kambo, yaani bibi, wa Ngoie, rafiki yangu wa nyumba ya tatu. Baba aliniruhusu kuingia siku ile. Karatasi ilikuwa nyeupe ndani ya maji, halafu macho yakaja kwanza, halafu pua, halafu bibi mzima akanitazama kutoka chini ya maji. Kwao Ngoie wakubwa walikuwa wanalia mpaka sauti zinakatika, viti vimetolewa nje, wanawake wamekaa chini, nywele hazijachanwa. Lakini Ngoie alikuja kucheza kama kawaida.

"Kambo yako eko wapi?" nilimuuliza.

"Alisafiri."

"Wapi?"

"Banasema alisafiri tu. Sisi batoto hatuulizake."

Nilikuwa nimeuona uso wa kambo ukija ndani ya beseni. Nilielewa. Mtu mzima akisema mbele ya mtoto kwamba fulani alisafiri, na picha ya fulani imekuwa kubwa, fulani amekufa.

Kutoka hapo ukuta wa baba ukaeleweka wote. Nani alikuwa na uso mkubwa kuliko wale? Walikuwa wamekufa wote. Ndiyo maana walikuwa na jina kubwa juu na tarakimu kwenye kona, kama kwenye misalaba. Ndiyo maana wengi walikuwa wanatabasamu, kwa sababu hata ndugu wa marehemu walimwomba baba, tafuta ile anayocheka. Zile nyuso ndogo za chini nilizielewa pia. Hao ni waliobaki. Ni wadogo kwa sababu bado wako hai. Na sikuogopa. Niliwaonea huruma tu, kwamba walikufa mbali, na kilio chao kimeletwa kwetu kwa kilo, pamoja na karanga.

Msimu ule mvua ilikata njia. Malori yalilala kwenye matope, na mama, aliyezoea kurudi kabla sijaanza kuhesabu usiku, hakurudi. Hakukuwa na simu mfukoni mwa mtu. Baba alisimama mlangoni akiangalia upande malori yanakotokea, halafu akaingia gizani na kujifungia hata siku ambazo hapakuwa na wateja.

Siku moja alitoka na picha ya mama. Ilikuwa kubwa kama sinia.

Alikuwa amempiga mwenyewe, asubuhi fulani kabla ya safari, kitenge kile kile begani. Mama alikuwa ameelekeza macho moja kwa moja mbele, mdomo umefungwa, lakini unaona kwamba karibu acheke. Baba aliigundisha kwenye kadibodi. Halafu akachukua mkasi, akakata herufi kutoka kwenye majalada aliyokuwa nayo mawili mawili, nyekundu, nyeusi na njano, akaziweka juu ya kichwa cha mama moja moja: jina lake, Masengo. Herufi za katikati alizikata tena kwa uangalifu, kichwa cha mama kikapita mbele yake. Kilichoonekana kilikuwa MA upande mmoja na GO upande mwingine. Kisha akaipigilia katikati ya ukuta, kati ya wale wengine.

Tantine Bea, mshonaji wa chumba cha pili, alikuja na mkasi wake shingoni kama kawaida, mdomo umejaa pini. Alizitoa ili aweze kupiga kelele.

"Papa Studio! Bibi yako umemufanya sawa ba mama ba sinema! Akirudia atakuomba dereva!"

Baba alicheka kidogo, macho chini.

"Lakini umefunika jina," Tantine Bea alisema. "Nani atasoma? MA, halafu kichwa, halafu GO. Ni dawa ya kikohozi?"

"Angalia bale bengine," baba akamwambia. "Gazeti yenye bantu banajua, kichwa inaweza kufunika jina. Bantu banasoma tu. Ile yenye haijulikane njo inaandika jina yote. Masengo, nani hamujue?"

Hayo niliyasikia, lakini sikuyasikiliza. Nilikuwa naangalia ukuta. Baadaye nilimvuta Tantine Bea kitenge, nikamwuliza mama yuko wapi. Alinishika shavu kwa vidole vyake vya chaki.

"Alisafiri, mama. Atarudia."

Nikajua wamekubaliana wote kunificha.

Sikumwuliza baba. Watoto hawaulizi. Niliona jinsi anavyosimama mbele ya picha ile, mikono nyuma, na nilifikiri analia kwa namna ya wanaume, ndani. Basi nami nililia kwa namna niliyoiona kwao Ngoie. Nilitoka kitandani nikalala sakafuni. Nilikataa kuoga, na baba alipochukua kitana nilifunika kichwa kwa mikono. Sikukaa tena kwenye kiti cha wateja, nilikaa chini, miguu imenyooka, mgongo ukutani. Machozi niliyatoa nyuma ya pazia la ndege, kwa sababu wakubwa wakijua kwamba najua, siri yao itaharibika, na nilifikiri siri ile wanaishika kwa upendo. Bukari, ugali wetu, sikuugusa.

Niliyempoteza ni mama, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Sijui niseme nini zaidi juu ya siku hizo. Nimewahi kuwa peke yangu mara nyingi tangu wakati huo, lakini sijawahi kuwa peke yangu kama vile.

Baba aliweka mkono kwenye paji langu, akanipa dawa chungu ya malaria, na Tantine Bea aliona nimekonda akasema, "Huyu mutoto eko na minyoo." Dawa ya minyoo nayo nikainywa.

Mama alirudi mchana, jua kali baada ya mvua. Nilisikia sauti yake barabarani akibishana na mwenye mkokoteni, "Pole pole na kikapu yangu, unafikiri ni matofali?" Halafu alikuwa mlangoni, mweusi kuliko alivyoondoka, amekonda, matope mpaka magotini, ananuka moshi na samaki. Alifungua mikono.

"Mutoto wangu! Kuya!"

Nilikimbilia nyuma ya pazia.

Alifikiri ni mchezo. Alikuja, akalifunua, akapiga magoti mbele yangu na kipande cha samaki mkononi, kile cha karibu na kichwa nilichokipenda. Tantine Bea alikuwa amenifundisha siku nyingi kwamba marehemu akikupa chakula, hata ndotoni, usipokee, ukila utamfuata. Nilifunga mdomo nikageuza uso. Mama alisogeza samaki, nami nikazidi kujibana ukutani. Nilitaka kumrukia shingoni. Mwili wote ulitaka. Na niliogopa.

Mkono wake ulishuka taratibu. Nilimwona akimgeukia baba, na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Hanijue tena," alisema. "Nilikawia, mutoto amenisahau."

"Hapana, eko mugonjwa," baba alisema. "Halale, hakule. Eko na homa."

"Hana homa. Muangalie. Ananikimbia mi."

Alikaa kwenye kiti cha wateja na matope yake yote, samaki bado mkononi, akaanza kulia. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu sikujua kwamba waliokufa nao wanalia. Nikaona afadhali niulize. Nilitokeza kichwa.

"Mama, balikuzika wapi?"

Tantine Bea, aliyekuja mbio kuona samaki, alisimama mlangoni akashika mdomo. Mama aliacha kulia.

"Nani alikuambia nilikufa?"

Nilionyesha ukuta.

"Ile?"

"Ile ya kilio."

Baba aliangalia picha yake, akaniangalia mimi, akaangalia tena ukuta mzima kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. "Na hawa bengine?" aliuliza polepole.

"Bote balikufa. Bale badogo njo balibaki."

Tantine Bea alipasuka kwa kicheko, na baba naye akaanza, kisha akakiacha njiani kwa sababu mama hakucheka. Mama aliweka samaki chini. Alinitazama kichwa changu kisichochanwa, miguu yangu yenye vumbi, mkeka wangu kwenye sakafu. Alikuwa mwanamke wa vilio vingi, alijua anachokiona.

"Ulinililia?"

"Nilikulilia."

"Na nani?"

"Mi peke yangu."

Hilo ndilo lililomvunja. Kwetu mtu halii kilio peke yake. Hata adui yako anakuja kukaa, hata asiyejua jina la marehemu anakaa, ili asiwepo mtu mmoja nyumbani na kifo. Mama alishuka kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni pembeni yangu, miguu imenyooka, mgongo ukutani, chini ya picha yake mwenyewe.

"Bon," alisema. "Tulie bote."

Na tulilia. Nasema kweli, alilia sauti ya kilio, akijitaja jina, Masengo eh, Masengo umetuacha, na mimi nililia juu ya bega lake kile nilichokuwa nimekificha nyuma ya pazia. Tantine Bea aliacha kucheka. Alitoa mkasi shingoni, akaja kukaa nasi. Mwisho baba naye alikaa. Mteja mmoja alichungulia mlangoni kutaka picha ya kitambulisho, akatukuta wanne sakafuni, akavua kofia akaondoka kimya kwa heshima.

Tulipochoka, mama alipangusa uso. "Sasa kilio inaisha," alisema. Alipasha maji. Alinivua nguo uani, akaniosha kichwa kama wanavyooshwa wanaotoka kwenye kilio, akaniweka katikati ya magoti yake akanichana, polepole, kuanzia kwenye ncha, akishika shina la nywele ili nisiumie. Kisha akanipa samaki. Nilikula kutoka mkononi mwake mpaka mifupa.

Baba alichukua nyundo aitoe picha. Mama alimzuia.

"Acha ikae. Azoee kuniona mukubwa na niko muzima." Halafu akanigeuza uso. "Na we, sikia. Nikienda Kasomeno, batakuambia: alienda Kasomeno. Siku nitakufa, batakuambia: alikufa. Hakuna muntu atakuambia kitu ingine. Umesikia?"

Nilisikia.

Aliendelea kusafiri, na mimi niliendelea kukaa nje ya mlango wa chumba cha giza. Sitaki kusema kwamba upweke uliisha. Iliisha hofu tu. Baba alinieleza kwamba wale wa ukutani ni wachezaji wa sinema, wako hai, wanakula na kulala, na kwamba uso wa gazeti unafanywa mkubwa ili mtu amjue na kumnunua. Nilimkubalia. Lakini ndani niliwapenda kidogo zaidi walipokuwa wafu wetu. Walipokuwa hai, walikuwa wageni.

Baba alikufa nikiwa nimeshaolewa. Simu zilimaliza wateja, na mende walimaliza ukuta. Sikusoma sana, niliacha darasa la pili la sekondari. Huko Kasapa nawaona wanafunzi wakijipiga picha mbele ya sufuria zangu, kila mmoja uso mzima kwenye kioo cha simu, mkubwa, akiwa hai. Mimi bado nashtuka kidogo. Siwaambii.

Simu ya mwaka huu ilipigwa na binamu yangu mchana, nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Alisema, "Mama alikufa." Kisha akaanza kuomba radhi, kwamba anajua haisemwi hivyo. "Alitukataza bote," alisema. "Alisema wewe uambiwe vile vile."

Kwa kuwa mimi ni mtoto pekee, nilitumwa kutengenezesha bango la kuweka mlangoni. Kijana mmoja anafanya kazi hiyo kwenye kompyuta karibu na nyumbani. Alinionyesha mifano: mawingu, njiwa, mwanga unaotoka juu. Nilitabasamu, kwa sababu niliyajua yote. Uso mmoja mkubwa katikati. Jina juu, herufi nene. Tarakimu kwenye kona. Nyuso ndogo chini, za waliobaki. Mtoto yule wa studio hakukosea sana.

Nilimpa ile picha. Ilikuwa kwenye sanduku la mama, imefungwa ndani ya kitenge, kadibodi imelegea, herufi za baba bado zimeshika.

"Mama, hapa jina imefichama," kijana alisema. "Kichwa inafunika. Niisogeze juu, bantu basome."

"Usisogeze."

"Lakini hawatajua ni nani."

"Wenye kuja kwake wanamjua," nilisema. "Watasoma."

Alinitii, akashangaa. Na watu walikuja, wakasimama mbele ya MA na GO, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jina. Baba alikuwa sahihi. Ningependa kumwambia mtu hivyo. Lakini Tantine Bea alitangulia miaka mingi, na katika wale wanne waliokaa sakafuni siku ile nimebaki mimi. Wanawake wa ukoo waliniosha kichwa siku ya kutoka kwenye kilio, kwa upendo na kwa haraka, kwa sababu kulikuwa na wengine wa kuoshwa na magari ya kurudi yalikuwa yanangoja. Nilisubiri bila kujua nasubiri nini. Baadaye nilijua. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize, ulilia na nani?

Viti viliporudishwa kwa wenyewe, nililitoa bango mlangoni nikalipigilia ndani, kwenye ukuta wa kushoto wa chumba kile cha mbele kilichokuwa studio. Nilikwenda kila kona, kama wateja wa baba. Alinitazama kila kona. Ndipo nilipoona jambo ambalo sikuliona utotoni: yule anayekaribia kucheka pale hanitazami mimi. Anamtazama mtu aliyeshika mashine. Macho yale yalikuwa ya wawili hao, na mimi nimeishi nayo kwa kuazima.

Sikukasirika. Nilitafuta tu mahali. Nilipima kwa macho, hatua mbili kutoka kilipokuwa kiti cha wateja, mbele kidogo ya palipokuwa na pazia la ndege, nikasimama pale alipokuwa akisimama baba. Nilitoa kitana. Nikaanza kujichana nywele, polepole, kuanzia kwenye ncha, nikishika shina ili nisiumie, na Masengo ananiangalia.